Nipe na Tusi Langu

Siku Koromeo alipompeleka mchumba wake nyumbani kwao kwa mara ya kwanza, alimwomba mambo mawili tu: avae gauni, na asimkodolee Shangazi macho. Gauni Fundi alilivaa. La pili lilimshinda, maana mtu asiyesikia asipotazama watu usoni, atakuwa amefuata nini huko? Kuangalia ukuta?

Fundi alikuwa kiziwi tangu utotoni, na kazi yake ilikuwa kutengeneza makochi. Alikuwa na karakana yake mwenyewe, chumba kirefu chenye harufu ya gundi na sponji mpya. Akiwa kazini alibana misumari midogo midomoni, akawa anaitoa mmoja mmoja kwa ncha ya ulimi na kuigongomea kabla hujapepesa macho.

Ndivyo Koromeo alivyomkuta. Yeye alikuwa mtangazaji wa redio, mwenye sauti nzito ya kubembeleza, ambayo kina mama wengi waliunguza vyungu kwa ajili yake. Aliingia karakana amebeba kiti cha studio kilichokuwa kikilia hewani kila alipojinyoosha, hata wasikilizaji wakaanza kupiga simu kuuliza kama studio ina panya. Akajieleza kwa sauti ile, taratibu, na vituo vyake, huku yule dada akimtazama shingoni tu. Alipomaliza, Fundi akatema misumari kiganjani, akagusa sikio lake, akatikisa kichwa, kisha akakikalia kile kiti na kumtazama kwa nyusi zilizoinuka: haya, kina nini?

Ilikuwa mara ya kwanza mwanamke kutotikiswa na sauti yake. Mtangazaji wa watu akajikuta amesimama pale hana silaha. Kesho yake alirudi na kiti kingine kisicho na kasoro yoyote. Baadaye akaleta meza. Fundi akamwandikia kwa chaki juu ya ubao, "Mimi sitengenezi meza." Naye akaandika chini yake, "Najua. Nimeishiwa viti."

Basi akaanza kujifunza lugha ya ishara, kwa bidii na kwa makosa mengi, na Fundi akampa jina kama viziwi wanavyopeana: vidole viwili shingoni, vikiruka juu na chini. Koromeo. Katika ile sauti yote maarufu, hicho ndicho kipande pekee alichokiona. Kilichompendeza zaidi ni kwamba koromeo lile halikujua kuficha siri. Mwenyewe akidanganya, lenyewe linaruka kama chura.

Sasa walikuwa sebuleni kwa wazazi. Kwa jicho la kazi, Fundi aliona mara moja kwamba springi za kochi kubwa zilikwisha kukata tamaa zamani. Baba mwenye nyumba, dereva mstaafu, mtu mpole wa maneno machache, alikuwa amezama humo mpaka magoti yamefika kidevuni. Pembeni yake alikaa Shangazi, dada yake, mrefu na mkavu, aliyekuja bila kualikwa kwa sababu hakupenda kusimuliwa mambo. Na katikati ya chumba, mikono kiunoni, alisimama Mama.

Mama aliuza vitambaa sokoni maisha yake yote. Alikuwa mfupi na mpana, na hakuna aliyewahi kumshinda kwa maneno, si mteja, si mwenzake wa biashara, si mumewe. Alipoona mgeni ameketi, alianza kuhutubia. Aliinyooshea redio kidole. Akalinyooshea sikio lake mwenyewe, akamnyooshea mwanawe, akamnyooshea Fundi, akainyooshea dari na kwa hakika Mungu aliye juu yake. Chai ikapoa. Shangazi akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. Baba akaanza kuchunguza vidole vya miguu yake kana kwamba ndiyo kwanza amevipata.

Mama aliponyamaza kuvuta pumzi, Koromeo alimgeukia mchumba wake na kusema kwa mikono, "Mama anasema karibu. Amefurahi."

Fundi alimtazama. "Yote yale?"

"Mama hupenda kurudiarudia."

Koromeo likaruka juu, likashuka, likaruka tena.

Fundi alimgeukia Mama, akatabasamu kwa heshima kama mtu aliyekaribishwa. Lakini kuna neno moja ambalo kiziwi yeyote hulijua bila masikio, kwa sababu amelisomea midomoni mwa watu tangu utoto: midomo inagongana, inatoka mbele, inagongana tena. *Bubu*. Aliliona midomoni mwa Mama. Alijiambia labda ameona vibaya.

Chakula kikaja. Kuku alikuwa amechomwa vizuri, ngozi inang'aa, ila chumvi yake haikutiwa, ilimwagwa. Fundi alimeza kipande cha kwanza kwa ujasiri wa mgonjwa anayemeza dawa. Kisha akapata wazo.

"Mwambie Mama chumvi imezidi," alisema kwa mikono. Kwao ukipika vibaya ulikuwa unaambiwa, unacheka, maisha yanaendelea.

Koromeo akamgeukia mama yake, midomo yake ikacheza. Uso wa Mama ukachanua kama ua. Akainuka, akamwekea mgeni paja zima, akamwagia na mchuzi juu.

Fundi akaangalia sahani. Akamwangalia mchumba wake. Koromeo lilikuwa linakaribia kutokea mdomoni.

Walipoaga, Mama alimbebesha mwanawe hotipoti iliyojaa kuku, ili mgeni azidi kula huko nyumbani kwake, kwa kuwa amempenda kuku huyo. Fundi alisubiri mpaka wamepita geti na kukata kona. Hapo barabarani, mbele ya duka la dawa, akasimama.

"Mama yako ameniita bubu."

Koromeo akataka kufungua mikono ajibu. Mikono haikufunguka. Ilikuwa imekumbatia hotipoti.

"Alisema nini tena? Aliongea mpaka chai ikaota utando, wewe ukanipa maneno manne."

Akajaribu kujibu kwa nyusi, kwa kidevu, kwa mabega. Akaiweka hotipoti chini. Mbwa wa mtaani akasogea. Koromeo akaiokota. Wapita njia wakaanza kupunguza mwendo, maana ugomvi wa mikono unaonekana mbali kuliko ugomvi wa makelele. Mwenye duka la dawa alitoka kabisa na kiti chake.

"Nilipokuwa mdogo," Fundi aliendelea, mikono ikikata hewa, "kaka yangu alinipeleka kwa daktari. Wakaongea wee, wawili, juu ya kichwa changu. Nikamuuliza kaka, amesemaje? Kaka akaniambia, utapona. Nikasubiri kupona. Nilisubiri mpaka nikaota matiti! Daktari alikuwa amesema sitasikia tena maisha yangu yote, na kaka akaona ni uchungu mno kwangu. Kila anayenipenda hunikatakatia maneno kama anayemkatia mtoto nyama. Mimi nina meno!"

Koromeo akatikisa kichwa, akainua hotipoti, akaishusha. Mtangazaji mwenye maneno yake yote, siku hiyo yeye ndiye aliyekuwa bubu.

"Wahenga walisema akutukanaye hakuchagulii tusi. Wewe umenichagulia! Umechagua, umepunguza, halafu lililobaki umelila njiani. Lile tusi lilikuwa langu. Nipe!"

Hapo Koromeo akaitua hotipoti chini liwalo na liwe, na mbwa akaja akajichukulia. Mikono ya Koromeo sasa ilikuwa huru. "Nilitaka wakupende."

"Wampende nani? Huyo uliyewatungia? Basi muoe huyo."

"Nisikilize..."

Fundi akafumba macho. Kwa watu wanaosema kwa mikono, hakuna mlango unaofungwa kwa kishindo zaidi ya huo. Alisimama vile, kope zimebana, mpaka alipohisi chozi linataka kupenya. Akageuka, akaenda zake. Mwenye duka la dawa alimwambia Koromeo, kwa huruma, "Pole, kaka. Sijaelewa hata neno, ila umeshindwa."

Siku zilizofuata, redio iligeuka matanga. Koromeo alipiga nyimbo za kuachana asubuhi, mchana na jioni, akazitangaza kwa sauti ya mtu aliyefiwa, na wasikilizaji wakaanza kumtumia rambirambi. Wateja walifika karakana, wakamwandikia Fundi ubaoni: "Mtangazaji wako analia hewani."

Fundi aliwajibu, "Hainihusu. Sisikii."

Lakini kidole gumba chake kilivimba kwa kugongwa na nyundo, jambo ambalo halikumtokea tangu alipokuwa anajifunza kazi. Kila kivuli kilipopita mlangoni, shingo yake iligeuka yenyewe kabla hajaikataza. Alikuwa amezoea mtu kuja mchana na kiti kizima, akikisingizia ugonjwa. Sasa mchana ulikuwa mrefu kama robota la kitambaa lisilo na mwisho.

Kisha siku moja taa ya karakana ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka. Ndivyo anavyoitwa mtu asiyesikia. Fundi alijua ni nani. Aliendelea kugonga. Taa ikaendelea. Mwishowe akageuka kwa hasira, si kwa kumsamehe, bali kwa sababu balbu ilikuwa mpya.

Koromeo alikuwa amesimama kwenye swichi, mikono mitupu.

"Nimeleta tusi lako," alisema kwa mikono. "Lote."

Fundi akatema misumari. "Lete."

Akajiweka sawa kama anayekwenda hewani. "Mama amesema, kukupa wewe sauti yangu ni sawa na kumpelekea mwenye upara kitana." Akameza mate. "Amesema, mimi niliyewaliza watu wazima redioni, nimeokota bubu ambaye nikifa sebuleni yeye ataendelea kupika jikoni. Amesema mjukuu wake atalia mpaka akauke kama dagaa."

"Na Shangazi? Alicheka nini?"

"Shangazi alisema huenda unasikia vizuri tu, unajifanya, ili usiitike ukiitwa kuosha vyombo."

Fundi alikuwa amejiandaa kuumia, na kweli lile la mtoto lilimchoma mahali. Lakini kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikubwa, cha tumboni, kile ambacho Koromeo alikipenda kwa sababu Fundi hakujua kina sauti kiasi gani na hakujali. "Hilo la kitana ni zuri," alisema akijifuta macho. "Mama yako ana kipaji."

"Umenisamehe?"

"Bado. Sasa nataka kumjibu. Tena si kupitia kwako. Nitakuja na mkalimani."

Koromeo akashtuka. "Mkalimani? Kwa mazungumzo ya nyumbani? Si ni wa mahakamani na hospitali?"

"Kwani pale kwenu hapakuwa mahakamani? Nilishtakiwa, nikahukumiwa, nikalishwa chumvi, na kesi yangu sikuielewa. Mahakama ikinitaka, inaniletea mkalimani, ni haki yangu. Mkwe mtarajiwa akinitaka, niletewe maneno manne? Wewe siku hiyo utakaa kitini. Mtoto wa nyumba. Mikono mapajani."

"Humjui mama yangu."

"Simjui," Fundi alikubali, akirudisha misumari midomoni. "Na ni kwa sababu yako."

Mkalimani alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye gauni jeusi lisilo na ua hata moja, ili mikono yake ionekane vizuri. Aliingia sebuleni kwa wazazi wa Koromeo, akachagua mahali pa kukaa karibu na Mama, akitazamana na Fundi, kisha akatangaza masharti.

"Shikamooni wazee. Kazi yangu ni ndogo. Linalosemwa humu ndani nalisema kwa mikono. Linalosemwa na mikono nalisema kwa mdomo. Siongezi, sipunguzi. Ambaye hataki lisemwe, asiliseme. Mjumbe hauawi."

Mama alimkagua juu mpaka chini. "Haya, mwambie huyo binti kwamba..."

"Ongea naye mwenyewe, mama. Mimi sipo."

"Hupo vipi, nawe umejaza kochi lote?"

Mikono ya mkalimani ikalisema hilo nalo, kochi, kujaa na vyote. Fundi akacheka. Mama akatazama ile mikono, akamtazama Fundi, akatazama tena mikono, kama mtu aliyegundua kwamba nyumba yake ina dirisha asilolijua.

Shangazi akainamia sikio la kaka yake. Mikono ya mkalimani ikasogea, safari hii midogo midogo, karibu na kifua.

"Ndiyo, Shangazi," Fundi alijibu, na mkalimani akalitoa kwa sauti yake kavu. "Gauni ni lilelile. Ninayo mawili, lingine limetoboka kwapani."

Shangazi aliruka. "Mimi nilikuwa nanong'ona!"

"Nami nimekutafsiri kwa kunong'ona," alisema mkalimani. "Hukuniona nilivyobana mikono?"

Basi sebule nzima ikanyamaza. Mama alifungua mdomo, akaufunga. Shangazi akaula mtandio wake. Koromeo alikaa mikono mapajani kama mtoto anayesubiri sindano. Katika ukimya huo, kutoka chini kabisa ya kochi, ikapanda sauti ambayo wengi walikuwa wameisahau.

"Ni mara ya kwanza nyumba hii inatulia tangu nioe," alisema Baba. "Huyu mama mwenye gauni jeusi abaki."

Fundi akasogea mbele kwenye kiti. "Mama, nimekuja kuchukua tusi langu. Lile la mwenye upara na kitana. Nimelipenda, nimelikubali, na nina jibu."

Mama alimtupia mwanawe jicho. "Kumbe alikwambia?"

"Aliniambia baada ya kulificha kwanza. Sikiliza. Mimi ni kiziwi. Si bubu. Bubu ni mtu asiye na la kusema, na mimi ninalo: yule kuku wako wa siku ile, mama, chumvi yake ilitosha kuku, na kijiji cha kuku, na mayai yao."

Mkalimani alilisema lote, kwa mdomo mkavu, bila kupepesa.

Mama akashika kifua. "Kuku wangu? Si ulisema hujawahi kula kuku mtamu kama yule tangu uzaliwe? Si ulisema unaomba na mchuzi?"

"Mimi? Nilisema chumvi imezidi!"

Vichwa vyote viligeuka. Koromeo akainua mikono, akafungua mdomo, asijue aanze na kipi.

"Nyamaza!" alisema Mama.

"Nyamaza!" alisema Fundi.

Mkalimani akasita kidogo, mikono hewani. "Wamesema kitu kimoja," akaeleza.

"Chumvi huzidi," alisema Baba kutoka chini. "Huzidi kila siku. Nilikuwa nasubiri mtu wa kulisema."

"Wewe nawe!" Mama akamgeukia, lakini hakumaliza. Alimrudia Fundi, akavuta stuli, akakaa karibu, magoti yakigusana. "Hebu subiri. Kwa hiyo siku ile, mimi nakutukana mpaka mate yananikauka, na wewe unanichekea, wewe ulikuwa umeambiwa nini?"

"Kwamba umefurahi na ninakaribishwa."

"Loh!" Mama akapiga goti lake. "Na mimi nikamwambia mzee huyu usiku ule: binti mwenyewe hana hata uti wa mgongo, unamchoma, anatabasamu! Mimi nilisema yale ili ujibu. Mtu asiyejibu utamjuaje? Wateja wangu wote nimewajua kwa kugombana nao."

"Nilijibu. Halikufika."

"Na langu halikufika! Ametuibia wote wawili."

Koromeo akajaribu kuzama kwenye kiti chake. Bahati mbaya kiti chake kilikuwa kigumu.

"Haya," Mama akakunja mikono ya gauni. "Tuache kuku. Nijibu hili, na usinicheke. Mtoto akilia usiku?"

 Mikono ya Fundi ilipoinuka ilikwenda taratibu, na mkalimani naye akapunguza mwendo wa sauti. "Hilo peke yake ndilo lililoniuma, mama. Rafiki yangu ni kiziwi, ana watoto watatu, wote wanene. Ana taa inayowaka mtoto akilia. Mimi nitamlaza kifuani, kwa sababu kilio humtikisa mtoto mwili mzima, hata asiyesikia anakijua. Na hivyo vyote vikishindwa, kuna baba yake anayesikia. Au yeye kazi yake ni kusikilizwa tu?"

 Kitu kilianza chini ya kidevu cha Mama, kikapanda mashavuni, na akaangua kicheko mpaka Shangazi akamshika asianguke stulini. "Kusikilizwa tu! Mmesikia? Tena huyu tangu azaliwe hajawahi kuamka akiitwa!"

Kutoka hapo waligombana kama waliofunguliwa maji. Waligombania nani ataamka, nani atapika, na kama gundi ya makochi inatoka kwenye kucha. Mama alisimama, akakaa, akasimama. Macho yake yaliwaka. Watoto wake walikuwa wakimkwepa, mumewe akimnyamazia, wifi yake akinong'ona pembeni, na sasa hatimaye amepata mtu anayerudisha mpira. Kila alipotupa neno, alikodoa macho kwenye uso wa Fundi kuliona likitua, na kila lilipotua alifurahi, na kila lilipomrudia alifurahi zaidi.

"Naomba maji," mkalimani alisema mwishowe, akikung'uta vidole. "Mikono hii si mashine."

Maji yakaletwa. Mama akijipepea kwa upindo wa gauni, akamkumbuka mwanawe. "Na wewe hapo. Ulitafuna maneno ya watu. Una la kusema?"

Koromeo alisimama. Watu walisubiri ile sauti. Akafungua mdomo, akamtazama Fundi, akaufunga. Akainua mikono, akaanza kusema kwayo, bila sauti hata chembe, na mkalimani akaweka chini bilauri haraka.

"Nimezoea watu kufumba macho wakinisikiliza," alisema mkalimani kwa niaba yake, na Mama, ambaye hakuwahi kumsikia mwanawe kwa sauti ya mwanamke mwingine, alijikuta anaitazama mikono ya mtoto wake kana kwamba hajawahi kuiona. "Wewe ulinifumbulia. Sijawahi kutazamwa vile. Nikaogopa kwamba mama akisema lake na wewe ukisema lako, nitawapoteza wote. Nikakata maneno yenu kwa woga, nikauita woga ule mapenzi. Sitakukatia tena neno, hata likiwa na mfupa. Na sasa, mbele ya wazazi wangu, naomba..."

Vidole vya Koromeo, kwa hofu, vilipinduka vibaya. Mkalimani akamtazama mara mbili. Lakini masharti ni masharti.

"...naomba nikukaange."

Baba ndiye aliyeanza kucheka. Fundi alikuwa amejikunja kitini, machozi yanamtoka, akimwonyesha kwa mkono, hapana, hivi, vidole hivi. Koromeo akarekebisha, shingo ikitoka jasho kwa aibu, na mkalimani akatangaza, "Samahani. Naomba nikuoe."

Fundi akajifuta uso. Akaweka mkono kifuani. Akamnyooshea kidole Koromeo, akamnyooshea Mama, akasema kwa mikono yote miwili maneno marefu, akitabasamu huku chozi likining'inia kwenye kope.

Mama hakusubiri. Alipiga kigelegele kilichotikisa madirisha, akamkumbatia Shangazi, akamkumbatia mkalimani. "Amekubali! Hilo halihitaji mkalimani! Nimelielewa mwenyewe!"

Mkalimani akajinasua, akakohoa. "Amesema bado."

"Bado?"

"Amesema: nampenda mpaka naona aibu. Lakini sitaolewa kwenye nyumba ambayo mkalimani akienda kwake, mimi nageuka kochi. Mama akiweza kunitukana mwenyewe, kwa mikono yake, nikamwelewa na nikamjibu, siku hiyo naolewa."

Koromeo alimtazama mama yake kwa macho ya mtu anayetazama mlima. Shangazi akaanza, "Jamani, binti gani anatoa masharti..." kisha akakumbuka mikono ya mkalimani, akameza.

Mama alifikiri. "Kutukana tu?"

"Kutukana kwanza," Fundi alijibu. "Mengine yatakuja yenyewe."

"Na niwe fasaha?"

"Fasaha kabisa. Matusi ya kubabaisha sipokei."

Mama alimgeukia mwanawe. "Toka hapo kwenye kiti." Koromeo akatoka. Mama akakivuta kiti mbele ya Fundi, akaketi, akajinyoosha vidole vifupi vilivyozoea mkasi na vitambaa. "Nianze na mkaidi. Mkaidi wewe. Nionyeshe."

Fundi akamwonyesha. Mama akajaribu, likatoka jambo jingine kabisa, maana Fundi alijipiga paja kwa kicheko. Akaushika mkono wa mama mkwe, akakunja kidole hiki, akanyoosha kile, akausogeza mpaka mahali pake. Mama akarudia, ulimi nje pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Tena. Mara ya tatu Fundi akaacha kucheka. Nyusi zikapanda. Akamwelekezea Mama mikono, akalirudisha neno lilelile, kali, safi, likiwa na kitu kingine cha ziada nyuma yake.

Mama akasita. "Aa, hilo la mwisho ni nini?"

Mkalimani alikuwa mlangoni, mkoba begani, kazi yake imekwisha. Akainua mikono kwa mazoea. Fundi akampungia aende salama, macho yake yasiondoke kwenye uso wa Mama, akalirudia polepole, mpaka Mama akashtuka, akaweka mkono mdomoni, akacheka na kuanza kutafuta vidole vya kumjibu.

Koromeo alisimama katikati ya sebule. Alikuwa amelielewa, kila neno, na lilikuwa kali. Hakuna aliyemwomba atafsiri.